Timu ya riadha ikishafutwa, hairudi?

Inarudi, ndugu. Umeuliza kama ile sheria ya Marekani ya 1972 kuhusu usawa wa jinsia katika elimu na michezo ya vyuo (Title IX) inazuia chuo kurudisha riadha ya wanaume. Haizuii. Chuo Kikuu cha Brown waliifuta Mei 2020, kelele zikapigwa, Juni ikarudi. Chuo Kikuu cha Clemson nao walitangaza kuifuta Novemba 2020. Walipotishiwa kesi wakabadili msimamo Aprili 2021, kisha wakaongeza timu za wanawake za jimnastiki na lakrosi (mchezo wa mpira na fimbo zenye wavu).

Kabla ya kuchangisha pesa za kurudisha timu, hesabuni kwanza nafasi za wachezaji katika kila timu, ya wanaume na ya wanawake. Futiboli ya Kimarekani pekee huweza kumeza wachezaji zaidi ya mia, halafu lawama za kufutwa timu nyingine za wanaume wanabebeshwa wasichana! Na mfadhili wa mwaka mmoja msimtegemee. Mkuu wa michezo wa chuo atauliza mwaka wa tano nani atalipa makocha na nauli.