Kitabu Mkono wa Kushoto, Waya Mkono wa Kulia

Nilipoanza kujifunza kuhariri picha na kuunga saketi, yaani njia za umeme zenye vifaa, sikuwa na mwalimu, nilikuwa na vitabu viwili. Cha picha nilikimaliza kwa wiki moja. Nikafungua picha yangu mwenyewe kwenye kompyuta, nikakosa hata pa kuanzia. Cha elektroniki kilinichukua miezi mitano, na yaliyomo ninayo mpaka leo. Sababu naijua: saketi haikubali kusomwa tu. Usipoiunga, huna kitu.

Tangu hapo kila zoezi nalifanya kwanza kama lilivyoandikwa. Kisha nabadilisha kitu kimoja, kimoja tu, na kabla ya kukibadilisha naandika pembeni mwa ukurasa ninachodhani kitatokea. Huko kuandika ndiko kunakofundisha, kwa sababu ukikosea huwezi kujidanganya kwamba ulijua.

Chukua zoezi wanaloanza nalo wengi: betri ya volti 9, rezista (kifaa kinachozuia umeme usipite mwingi, hupimwa kwa omu) na taa ya LED nyekundu. Kitabu kinasema weka rezista ya omu 470, taa inawaka, nawe unataka kufungua ukurasa unaofuata. Subiri. LED nyekundu huchukua takriban volti 2, zinabaki 7 kwenye rezista. Gawanya 7 kwa 470, unapata mkondo wa umeme unaopita: kama ampia 0.015, yaani miliampia 15, ambazo taa za kawaida za aina hiyo huzimudu. Sasa weka rezista ya omu 1,000. Mkondo unashuka hadi miliampia 7, chini ya nusu. Mwanga je? Mimi niliandika kwamba utapungua kwa nusu. Nilipowasha, sikuona tofauti kubwa hata kidogo. Nikaweka ya omu 10,000, na taa bado ikawaka, hafifu lakini inaonekana.

Jicho la binadamu halihesabu mwanga kwa mstari ulionyooka. Na jambo hilohilo nilikuwa nimelipita bila kulielewa katika kitabu cha picha! Katika picha ya kawaida ya JPEG kila rangi ya pikseli, nukta ndogo inayounda picha, hupewa namba kuanzia 0 hadi 255. Kitu kinachorudisha asilimia 18 tu ya mwanga hupata namba 118 hivi, karibu na katikati, kwa kuwa namba hizo zimepangwa kufuata jicho. Kuanzia siku hiyo histogramu, ile grafu inayoonyesha pikseli ngapi zina giza na ngapi zina mwanga, ikaanza kuniambia kitu. Kilichonifundisha ni rezista.

Kuhusu kuchagua vitabu, elektroniki haina shida sana: kanuni ya Ohm, ile ya kugawanya volti kwa omu, ni ya 1827 na bado inafanya kazi, kwa hiyo kitabu cha zamani kinafaa. Vya picha ni tofauti. Photoshop, programu ya kuhariri picha, ilitoka 1990, na matabaka, yaani sehemu za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine, ambayo leo wengi huyategemea, yaliingia 1994. Menyu hubadilika kila mara. Kabla ya kununua tafuta ukurasa unaoeleza kwa nini JPEG hupoteza ubora kila inapobadilishwa na kuhifadhiwa upya. Kama kitabu kinakuonyesha vitufe vya kubonyeza bila kueleza sababu, kirudishe rafuni.

Vitabu pia hukosea. Nilipoteza jioni tatu kwa sababu mchoro wenye picha za vifaa ulionyesha kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, ikiwa imegeuzwa, chanya upande wa hasi, wakati mchoro wa alama kwenye ukurasa uleule ulikuwa sahihi. Hilo si dogo. Kapasita zenye upande wa chanya na wa hasi kama ile zikigeuzwa zinaweza kupasuka. Linganisha michoro yote miwili kabla ya kuunganisha betri, na utafute orodha ya masahihisho ya kitabu ikiwa mchapishaji ameitoa. Na tafadhali, anza na betri. Umeme wa ukutani uache kabisa mpaka uwe na mtu anayeujua aliyesimama karibu nawe.

Kile kitabu cha picha nilichokimaliza kwa wiki moja nimekianza upya, kalamu mkononi. Huu ni mwezi wa tatu, na niko sura ya nne.