Muulize Rubani: Mume wangu haoni tena, nami nimekuwa msemaji wake

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mume wangu alikuwa rubani wa jeshi. Glaukoma, ile presha ya macho, imempofusha na ameondolewa kwenye urukaji. Tulimletea fimbo nyeupe, akaisukumia nyuma ya kabati. Namfanyia kila kitu, hata simu za marafiki zake napiga mimi. Siku hizi haongei. Nimsaidieje?
*Mke wa Rubani*

JIBU: Marahaba, binti yangu. Glaukoma ndiyo iliyonishusha na mimi kutoka kwenye ndege za kivita. Ilianzia pembeni, kama kawaida yake. Tukiruka wawili, mwenzangu aliye ubavuni kushoto namsikia vizuri redioni, ila nikizungusha macho simpati mpaka nigeuze shingo nzima. Haikuuma hata kidogo. Mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa haufufuki. Matone na upasuaji hulinda kilichobaki tu. Basi kabla ya yote, watoto wenu na ndugu zake wa damu wakapimwe macho, maana ugonjwa huu hutembea ndani ya ukoo.

Sasa tumzungumzie yeye. Mumeo amefundishwa kuruka bila kuona nje, na hilo usilisahau. Ndani ya wingu zito rubani haoni ardhi wala upeo, na sikio la ndani humdanganya: ndege imelala upande, mwili unamwambia iko sawa. Tulifundishwa kuukatalia mwili na kuamini vyombo vya vipimo vya ndege. Aliyetuonyesha njia ni Jimmy Doolittle, rubani wa jeshi la Marekani. Tarehe 24 Septemba 1929 alijifungia chini ya kifuniko kisichopitisha mwanga, akapaa, akazunguka na kutua kwa kusoma vyombo peke yake. Kiti cha mbele alikaa mwenzake Ben Kelsey, macho wazi, tayari kuiokoa ndege mambo yakiharibika. Hakugusa usukani.

Nakuomba ukalie kiti cha Kelsey. Uwepo, uangalie, lakini mikono uiondoe kwenye usukani wake. Simu apige mwenyewe: iPhone ina VoiceOver na simu za Android zina TalkBack, zote husoma skrini kwa sauti. Kwenye kompyuta aweke NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran na James Teh, Waaustralia wawili wasioona. Wiki za mwanzo atakasirika, atabonyeza pasipo, atakata simu katikati ya mazungumzo. Mwache.

Mezani mwelekeze kwa uso wa saa ya ukutani: glasi kwenye namba 2, kijiko kwenye namba 4. Ataelewa mara moja, maana ndivyo tulivyokuwa tukielekezana ndege nyingine ilipo angani. Usihamishe kiti bila kumwambia. Na mlango ama uwe wazi kabisa, ama ufungwe kabisa. Ulioachwa nusu ndio unaopasua paji la uso.

Fimbo ile imfikie kifuani akiwa amesimama. Kama ni fupi, ibadilishwe. Namna ya kuitumia ilibuniwa kwa ajili ya watu kama yeye. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Richard Hoover aliwafundisha askari waliopofuka, katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge huko Pennsylvania, wapepee fimbo ndefu kushoto na kulia: mguu wa kulia ukitangulia, ncha ya fimbo inagusa kushoto, pale mguu unaofuata utakapokanyaga. Mweleze hivyo hivyo. Usimwambie ni msaada kwa kipofu, mwambie ni chombo, na namna ya kukitumia ilianzia jeshini. Ila mafunzo yenyewe apewe na mwalimu wa wasioona. Mke au mume akiwa mwalimu wa fimbo, nyumba inageuka uwanja wa ugomvi.

Lililobaki, haki yake ya kazi, linanigusa sana, kwa kuwa kupigania haki hiyo ndiyo kazi yangu tangu nilipovua sare. Jeshi lisimalizane naye kwa barua ya kumstaafisha tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazungumzia kazi katika Ibara ya 27, na unawataja kwa uwazi watu waliopata ulemavu wakiwa kazini. Rubani asiyeona bado anaweza kufundisha darasani, kuandaa mitaala, kuchambua ripoti za usalama. Aandike barua, ataje ibara hiyo, ataje kazi anayoitaka. Ombi la jumla hujibiwa kwa pole. Ombi lenye cheo cha kazi ndani yake linamlazimu mkubwa aseme ndiyo au hapana. Majibu adai kwa maandishi ambayo kompyuta inaweza kuyasoma, si karatasi iliyopigwa picha, maana picha mara nyingi programu yake haitaisoma vizuri.

Na mtu akikuuliza wewe, "Yeye anataka nini?", nyamaza. Karani mmoja wa benki aliwahi kumuuliza mwanangu kama mimi najua kutia saini. Mwanangu hakujibu. Akanitazama, akasubiri, nikajibu mwenyewe. Yule karani tangu siku hiyo huniita kwa jina langu. Mumeo anahitaji kusikia ukimya wako wa namna hiyo.

SWALI: Kapteni, mtu asiyeona anaweza kurusha ndege kweli?
*Kijana Mpenda Anga*

JIBU: Peke yake hapana, na sipiganii iruhusiwe, kwa sababu lazima awepo wa kuziona ndege nyingine. Akiwa na rubani anayeona pembeni, inawezekana. Mwaka 2007 Miles Hilton-Barber, asiyeona, alirusha ndege ndogo nyepesi kutoka London hadi Sydney akiwa na rubani mwenza, huku kifaa kikimsomea vipimo vya ndege kwa sauti. Kama nawe huoni na unataka kuanza, tafuta mkufunzi mwenye leseni, umwombe akusomee kwa sauti mambo matatu tu: mwinuko, kasi na mwelekeo. Mengine atakuongezea mkono wako ukishatulia.