Kamera ya joto ya kukagulia bodi: uliza kwanza inaona karibu kiasi gani

Juzi kijana mmoja wa Kongowea alinijia: "Mjomba, nataka kamera ya joto ya kutafutia shoti, yaani pale umeme unapopita njia ya mkato isiyotakiwa, kwenye bodi za laptopu. Ninunue ipi?" Nikamuuliza, hiyo unayoitaka, ukiisogeza sentimita ngapi kutoka kwenye bodi bado picha inakaa sawa? Hakujua. Muuzaji alikuwa amemsifia tu kwamba inapima hadi nyuzi 550. Bodi ikifika huko imeshaungua, kwa hiyo hiyo si sababu ya kuongeza pesa.

Mimi yangu ya kwanza niliinunua bila kuuliza. Ilikuwa ya pikseli 80 kwa 60, iliyotengenezwa kwa kukagulia nyaya za nyumba, na kwa kazi hiyo ni nzuri. Kwenye bodi ya laptopu ilinionyesha wingu jekundu. Hesabu yenyewe ni hii: bodi ya sentimita 16 ikijaza picha, kila pikseli inabeba milimita 2, na kapasita nyingi za laptopu, vile vipande vidogo vya kuhifadhi chaji, zina urefu wa milimita 1 tu. Nilifuata lile wingu nikang'oa aisii (chipu) mbili zisizo na kosa. Shoti ikabaki palepale, na mteja akangoja wiki nzima. Iliniuma.

Sasa natumia ya 256 kwa 192 yenye lenzi ya kuonea karibu. Nikijaza picha kwa eneo la sentimita 5, kila pikseli ni milimita 0.2, na kapasita moja naiona peke yake. Lenzi hiyo msiidharau. Kama kamera haikuja nayo, zipo ndogo za zinki selenaidi, zile za mashine za kukatia kwa leza. Kioo cha kukuzia cha kawaida hakifai, maana miale ya joto haipenyi kwenye kioo.

Jambo la pili ni wepesi wa kuhisi. Tafuta milikelvini 50 au chini yake, yaani kamera inayotambua tofauti ya joto ya nyuzi 0.05. Shoti nyingi naziwinda kwa kulisha laini iliyokufa (njia ya umeme ya bodi yenye shoti) volti 1 kutoka pawa saplai, ampea nimezibana, na volti kamwe haizidi ile ya laini yenyewe. Joto linalotokea mara nyingine ni dogo mno hata kidole hakilihisi. Picha 25 kwa sekunde zinapendeza kuliko 9, lakini hata 9 zinatosha. Ya kuchomeka kwenye simu au ya kujitegemea? Yoyote, mradi uweze kuifunga kwenye stendi, mikono yote miwili ibaki na kazi.

Ukishainunua, jihadhari na vinavyong'aa. Lehemu na vifuniko vya bati huakisi joto la uso wako, ukadhani umepata kosa. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, ngoja kidogo, kisha soma joto juu ya tepu.

Na kwetu Mombasa kuna mambo mawili zaidi. Hewa ya bahari huacha kutu ya kijani inayovujisha umeme baina ya njia za shaba, kwa hiyo safisha bodi kwa spiriti na uiache ikauke kabisa kabla ya kupima, maana spiriti inayokauka hupoza. Kisha zima feni. Najua kibanda kitakuwa tanuri, lakini dakika mbili zinatosha, na upepo wa feni unafuta lile joto dogo unalolitafuta.