Re: Mkunjo wa mwitikio wa damu hausomeki kwa mshiriki mmoja mmoja

Salama mkuu. Kwenye jaribio lako la fMRI (upigaji picha wa ubongo unaofuata mabadiliko ya damu) unaonyesha picha kila sekunde 4 kamili, TR (muda wa kuchukua skani moja ya ubongo) ni sekunde 2, na mkunjo wa kila mtu unatoka ovyo. Kabla ya kulaumu mashine, fungua matriki X (jedwali la modeli) ya FIR, mbinu inayokadiria mwitikio kwa kila hatua ya muda peke yake: safu wima ya 1 na ya 3 ni karibu pacha, kwa kuwa picha hurudi kila skani mbili. Mwitikio wa damu hufika kileleni sekunde 5 au 6 baada ya kichocheo, hutulia kama 20, kwa hiyo miitikio inapandana na hakuna hesabu ya kuitenganisha.

Badilisha-badilisha muda kati ya picha, sekunde 2 hadi 12, mifupi iwe mingi, na uchanganye matukio matupu (yasiyo na picha). Zalisha mipangilio 1,000, chagua wenye jumla ndogo zaidi ya ulalo wa (XᵀX)⁻¹, yaani wenye makadirio yasiyoyumba sana. Usikimbilie bloku (picha nyingi mfululizo, kisha mapumziko): zinagundua eneo la ubongo, umbo la mkunjo hazikupi.