Kurenda 3D kwenye Windows XP: RAM Ipo, Kazi Inakufa

Kazi inafunguka vizuri, unaizungusha kwenye skrini bila shida, unabonyeza F12 (kitufe cha kurenda kwenye Blender, yaani kutoa picha ya mwisho), halafu ikifika katikati programu inajifunga bila kuaga. Mashine ina RAM ya GB 4 na Task Manager inaonyesha nyingine imekaa bure. Wengi hapo hukimbilia dukani kununua RAM zaidi. Usitoe hela kwanza, maana kinachokwisha huenda si RAM.

Anwani ni namba ambayo programu hutumia kufikia mahali kwenye kumbukumbu. Mfumo wa biti 32 unaweza kuhesabu anwani GB 4 tu, na Windows huzigawa nusu kwa nusu: GB 2 za programu, GB 2 za kiini cha mfumo. Kila programu ina GB 2 zake, iwe mashine ina RAM ya MB 512 au GB 4. Kuongeza faili la kumbukumbu pepe kwenye diski hakuvuki mpaka huo, kwa sababu hilo linaongeza mahali pa kuweka data, haliongezi anwani. Ndiyo maana pia RAM ya GB 4 husomeka kama GB 3.2 hivi kwenye XP: kadi ya picha na vifaa vingine vimeshachukua anwani zao humo humo.

Na hizo GB 2 hazipatikani zikiwa kipande kimoja. Programu yenyewe, maktaba za DLL, draiva ya OpenGL, fonti na programu-jalizi hukaa hapa na pale, na kati yake hubaki mianya. Picha kubwa inahitaji mwanya mmoja usiokatika. Unaweza kuwa na MB 600 zilizo wazi kwa jumla, ukaomba MB 256, ukanyimwa, kwa sababu mwanya mkubwa kuliko yote ni wa MB 180. Ukitaka kuliona hilo kwa macho, fungua VMMap ya Sysinternals, zana inayoonyesha ramani ya kumbukumbu ya programu, chagua programu yako, kisha tazama safu ya Free na ukubwa wa kipande kikubwa kuliko vyote. Task Manager haikuonyeshi hili. Safu yake ya Mem Usage inahesabu RAM iliyoshikwa kwa sasa tu, basi angalau washa safu ya VM Size.

Kwa watumiaji wa Blender, toleo la mwisho linalokubali XP ni 2.76b. Fungua dirisha la amri kutoka menyu ya Window, Toggle System Console, kabla ya kurenda. Kumbukumbu ikikosekana utaona mstari unaoanza na Malloc returns au Calloc returns, na mbele yake len= ikifuatwa na namba. Namba hiyo ndiyo idadi ya baiti zilizoombwa zikakosekana. Ikiwa len=67108864, aliyeomba karibu hakika ni picha ya pikseli 4096 kwa 4096.

Hesabu yake ni hii. Ukubwa wa JPEG kwenye diski usikudanganye; ikishafunguliwa, kila pikseli ni baiti 4. 4096 × 4096 × 4 ni MB 64 kamili, hata kama faili lenyewe ni la MB 3. Picha hiyo hiyo ikiwa ya namba za desimali kama EXR au HDR, inafika MB 256. Teksicha (picha zinazovishwa kwenye maumbo) kumi za 4096 ni MB 640, karibu theluthi ya nafasi yako yote. Zipunguze ziwe 2048 na zinashuka hadi MB 160. Teksicha ya ukuta ulio mita ishirini kutoka kwenye kamera haina sababu ya kuzidi 1024, na mtazamaji hatajua.

Picha unayoitoa nayo inalipa. Ya 1920 kwa 1080 ni ndogo, kama MB 32 kwa baiti 16 za kila pikseli. Bango la A3 la kuchapishwa kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 4961 kwa 3508, yaani takriban MB 266, tena kwa kipande kimoja. Ukiwasha na tabaka la Normal (mwelekeo wa nyuso), ongeza karibu MB 199. La Z (umbali kutoka kwenye kamera) ni kama MB 66. Zima kila tabaka usilolitumia, na kama umewasha Full Sample, izime pia, kwa kuwa inahifadhi kila sampuli peke yake.

Kuhusu maumbo, mkosaji mkuu ni Subdivision Surface, kinacholainisha umbo kwa kugawa nyuso zake. Kirekebishi hicho kina namba mbili, View na Render, na kila ngazi inazidisha nyuso kwa nne. Modeli ya nyuso 5,000 ikiwa View 2 ni nyuso 80,000, mashine inacheka. Render ikiwa 4 ni 1,280,000. Ikiwa 6, ambayo mtu huiacha kwa kusahau, ni 20,480,000. Hapo ndipo kazi iliyofunguka vizuri inapokufia F12. Vitu vinavyojirudia, kama viti, miti au nguzo, vinakiliwe kwa Alt+D badala ya Shift+D ili vishirikiane data moja, na kwenye paneli ya Performance ya Blender Internal (injini ya kurenda ya Blender yenyewe) washa Instances.

Kwenye paneli hiyo hiyo ipo Save Buffers, inayoandika vigae (vipande vya picha) vilivyokamilika kwenye diski badala ya kuvikusanya vyote kwenye kumbukumbu. Kazi itachelewa kidogo. Bango likigoma hata hivyo, lirende vipande vipande: ingia kwenye mwonekano wa kamera, Ctrl+B, chora kisanduku, washa Border na Crop, kisha unganisha vipande kwenye programu ya kuhariri picha. Acha vipande vipandane kwa pikseli chache, la sivyo mshono utaonekana.

Animesheni nayo usiirende ukiwa ndani ya dirisha la programu. Skrini ya 3D inashika nakala zake za teksicha kwa ajili ya OpenGL, na kadiri fremu zinavyosonga ndivyo mianya inavyozidi kukatikakatika, hadi fremu ya 140 inakataa wakati ya 1 ilipita. Tumia faili la .bat linaloanzisha programu upya kwa kila fremu:

for /L %%i in (1,1,250) do blender -b kazi.blend -t 1 -o //fremu_#### -F PNG -x 1 -f %%i

Mpangilio wa amri unahesabika: -o na -F lazima zitangulie -f, la sivyo zitapuuzwa. Hiyo -t 1 inatumia uzi mmoja (thread) wa prosesa, kwa sababu kila uzi unabeba kumbukumbu yake. Kama nafasi inatosha, weka 2.

Baada ya yote hayo, kama bado unabanwa, sogeza mpaka wenyewe. Kwenye XP Professional nenda System Properties, Advanced, Startup and Recovery, Settings, Edit. Faili la boot.ini, lenye orodha ya mifumo ya kuwasha, litafunguka. Usibadilishe mstari uliopo. Unakili chini yake, upe jina lingine, uongeze swichi mbili zinazoipa programu MB 2900 badala ya 2048:

multi(0)disk(0)rdisk(0)partition(1)\WINDOWS="XP ya kurenda" /fastdetect /3GB /USERVA=2900

Namba za disk na partition ziache zilivyo kwenye mstari wako. Mashine ikiwaka utachagua kati ya mistari miwili, na ule wa zamani ndio njia ya kurudi. Faida kubwa si zile MB 852 zilizoongezeka, bali namna zilivyokaa. DLL za mfumo za XP zimejazana chini kidogo ya GB 2, kernel32 ikiwa kwenye anwani 7C800000, na eneo jipya la juu yake ni jeupe. Ile MB 266 ya bango inapata pa kukaa.

Gharama inakwenda kwa kiini cha mfumo, ambacho sasa kimebaki na GB 1 na ushee. Kadi ya picha yenye kumbukumbu ya MB 512 inaweza kukosa anwani, na dalili yake ni skrini kuwaka kwa 640 kwa 480 au Windows kutowaka kabisa. Shusha USERVA hadi 2560 ujaribu tena. Kwenye Vista na Windows 7 za biti 32 hakuna boot.ini, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika bcdedit /set IncreaseUserVa 2900, na kuondoa ni bcdedit /deletevalue IncreaseUserVa.

Swichi hiyo haina maana kama programu haikuandikwa kuipokea. Tumia dumpbin ya Visual Studio, dumpbin /headers programu.exe, utafute maneno Application can handle large (>2GB) addresses. Yasipokuwepo, editbin /LARGEADDRESSAWARE inaweza kuyaweka, lakini fanya hivyo kwenye nakala: programu inayozichukulia anwani kama namba zenye alama ya kutoa itaanguka ikivuka GB 2, na yenye ulinzi wa leseni inaweza kukataa kuwaka.

Kabla ya kuhangaika na swichi, angalia prosesa kwa CPU-Z, programu inayotaja aina ya prosesa. Core 2 Duo na Athlon 64 ni za biti 64. Core Duo isiyo na 2 si ya biti 64. Ikiwa ni ya biti 64, weka Linux ya biti 64 kwenye diski ya pili na mpaka wa GB 2 unaondoka wenyewe. XP ya biti 64 ipo tangu 2005, lakini kuipatia draiva ni kazi ya ziada ambayo hatumshauri mtu. Laptopu zenye chipseti ya Intel 945 bado zitaona RAM ya GB 3 na kidogo hata kwenye mfumo wa biti 64. Kwenye mashine hizo tenga swap (kumbukumbu pepe ya Linux kwenye diski) ya GB 4, ambayo safari hii itasaidia, maana anwani zipo za kutosha. Itakuwa polepole, lakini fremu itatoka.