Nimetoka, lakini saa tisa usiku bado naamka

Shangazi shikamoo. Mi nna miaka 22, nimezaliwa na kukulia kwenye kijumuiya cha dini huko visiwani upande wa Ukerewe, jina silitaji manake hata kulitaja naogopa. Kwetu hatukwenda hospitali, hatukupigwa picha, na tulifundishwa majibu mawili, moja la watu wa nje na moja letu wenyewe, yaani nikiumwa malaria mwenyekiti wa kijiji akiuliza tunamwambia nimefunga. Kengele ya maombi ilikuwa saa tisa usiku kila siku. Mwaka jana nikapanda boti ya dagaa nikaja Mwanza, wao walishasema atakaetoka ziwa litammeza. Sa hivi nakaa Igoma kwa rafiki, tunauza samaki wa kukaanga. Mdogo wangu wa miaka 12 kabaki kule na shule wameshamtoa. Mi nina cheti cha la saba tu, cha kuzaliwa sina, kitambulisho sina. Na cha ajabu nawakumbuka, zile nyimbo za usiku nazikumbuka mpaka nalia. Je nimelaaniwa kweli? Nirudi?
Binti wa Igoma

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Nianze na nyimbo manake naona ndo zinakuuma kuliko vyote. Mtu akiimba na wenzake usiku kando ya ziwa tangu yuko mgongoni kwa mama, ile sauti inakuwa ndo nyumbani kwake, sasa we umetoka nyumbani utaachaje kulia? Kulilia nyumbani sio laana wala sio Mungu anakuita urudi. Waliokufundisha majibu mawili ndo hao hao waliokwambia ziwa litakumeza, na ziwa umelivuka, uko Igoma unageuza samaki kwenye karai. Hizo nyimbo ziimbe tu hapo hapo jikoni, ni zako pia. Ila kurudi kuishi kule, hapana, hilo nakwambia kama ningemwambia binti yangu.

Mdogo wako ndo wa haraka. Katiba yetu ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani, kwa hiyo usiende kushtaki kwamba wanasali usiku, hata mi nisingekushauri. Kaseme kwamba mtoto wa miaka 12 katolewa shule na akiumwa hapelekwi hospitali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mzazi ana wajibu wa kumpa matibabu na elimu. Piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, ni bure, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii halmashauri, uwaambie kijiji, shule aliyokuwa anasoma, na lini umemwona mara ya mwisho. Najua utajiona msaliti. Lakini kumbuka Shakahola kule Kenya mwaka 2023, lile kundi la dini lililofundishwa kufunga mpaka kufa, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni wakiwemo watoto, na ndugu walioko nje ndo waliokuwa wanakwenda polisi kuulizia watu wao. Sisemi kwenu kuna hayo. Nasema mdogo wako ndugu wa nje anae, ni wewe.

Kuhusu makaratasi, hicho cheti cha la saba kitunze kama mboni ya jicho, ndo ushahidi wako. Anza na barua ya serikali ya mtaa hapo Igoma, halafu uombe cheti cha kuzaliwa RITA, ukienda ofisi ya mkuu wa wilaya watakuelekeza, ukishakipata ndo unaenda NIDA kuomba kitambulisho. Utazungushwa kidogo, usikate tamaa. Na kama unataka kusoma, kuna mtihani wa QT, ukiufaulu unaruhusiwa kufanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, ofisi ya Elimu ya Watu Wazima watakupa utaratibu.

Kama ulilaaniwa? Hapana mwanangu. Mambo ya Mungu sio lazima uyamalize mwaka huu, wala usikubali mtu akuvute haraka haraka kanisani kwake au msikitini kwake.

Na hiyo saa tisa, mwili umezoeshwa miaka 20 na zaidi, utachelewa kusahau. Ukiamka washa taa, kunywa maji, mwangalie rafiki yako alivolala. Ukitaka kuomba omba, usipotaka zima taa ulale.