Unahamia Chicago? Usichaguliwe mtaa na maneno ya watu

Uliza Waswahili wa Chicago ukae wapi, jibu utalipata kabla hujamaliza swali: "Kaa kaskazini. Kusini usiguse, magharibi pia usiguse." Nimelisikia jibu hilo misibani, kwenye harusi, kwenye magrupu ya WhatsApp, mara nyingi kutoka kwa watu ambao hawajawahi kushuka kituo hata kimoja cha treni kusini ya katikati ya mji. Wanasema kwa nia njema. Lakini kwa miaka niliyokaa hapa nikiwasindikiza wageni kutafuta nyumba, nimeona madhara ya ushauri huo. Unawafanya walipe pango linalowazidi uwezo, na unawafundisha kuwaogopa Wamarekani Weusi kabla hawajakaa nao meza moja. Kisha mtoto wao anaingia shuleni, na siku ya kwanza tu anahesabiwa Mweusi kama wale aliofundishwa kuwakwepa.

Dalali mwenye leseni haruhusiwi kukwambia maneno hayo. Sheria ya makazi ya mwaka 1968 inamkataza kumwelekeza mteja huku au kule kwa kuangalia rangi au asili yake. Ukimuuliza mtaa fulani una watu gani, atakwepa, na usidhani ana kiburi, anajilinda. Aliyokatazwa yeye tunafanyiana sisi wenyewe, tena bure.

Mimi nataka mgeni ajue kwanza mistari ya mji huu ilichorwaje. Julai 27, 1919, kijana Mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa majini kwenye Ziwa Michigan, akavuka mpaka usioonekana kuelekea ufuo ambao Wazungu waliuhesabu kuwa wao, karibu na Mtaa wa 29. Alirushiwa mawe, akafa maji. Machafuko yaliyofuata yaliua watu 38, kati yao 23 Weusi. Baada ya hapo mipaka ikaingia kwenye karatasi. Hati za nyumba ziliwekewa kifungu cha kukataza kumuuzia au kumpangisha Mweusi, na mahakama zilikuwa zikivitekeleza vifungu hivyo hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipozizuia mwaka 1948. Miaka ya 1930 shirika la serikali lililoitwa HOLC lilichora ramani za miji kwa rangi nne: kijani, buluu, njano na nyekundu. Walipoishi Weusi palipakwa nyekundu, maana yake usikopeshe hapa.

Aliyenyimwa mkopo wa benki alibaki na njia moja. Miaka ya 1950 na 1960, familia nyingi za Weusi katika mtaa wa North Lawndale zilinunua nyumba kwa mkataba wa kulipa mwezi kwa mwezi, kwa walanguzi waliozipata nyumba hizo kwa bei ndogo na kuziuza ghali mno. Hati ilibaki mkononi mwa muuzaji hadi senti ya mwisho. Ukikosa malipo, nyumba inarudi kwake na yote uliyolipa yamepotea. Martin Luther King alihamia mtaa huo mapema mwaka 1966 kupigania haki ya makazi, na Agosti mwaka huohuo, akiandamana katika eneo la Marquette Park, akapigwa jiwe kichwani.

Kwa hiyo ukipita mtaa wa Englewood, kusini, ukaona viwanja vitupu vimeota majani kati ya nyumba na nyumba, usiseme watu wa hapa hawajali. Pesa ilizuiwa isifike pale kwa sheria, na hata sasa inafika kwa kusitasita: supamaketi kubwa iliyofunguliwa pale mwaka 2016 kwa sherehe nyingi ilifungwa mwaka 2022. Na wapo wazee waliobaki wakipaka rangi vibaraza vyao kila kiangazi muda wote huo. Nimeingia kwenye nyumba hizo. Zina mbao ngumu sakafuni na vioo vya rangi madirishani ambavyo hutavipata katika apatimenti mpya nyingi za kaskazini.

Kama hujaanza kutafuta nyumba, panda treni ya Red Line kutoka Howard, mwisho wa kaskazini, hadi 95th, mwisho wa kusini. Nenda siku ya kazi asubuhi. Ukitoka Howard behewa lina watu wa kila asili: Waethiopia, Wamexico, Wahindi, wanafunzi wa Kizungu wenye masikio yaliyozibwa na muziki. Ukifika Lake, Monroe na Jackson, vituo vya katikati ya mji, Wazungu karibu wote wanashuka. Ukipita kituo cha 35th, kama hakuna mechi ya besiboli, karibu kila aliyebaki ni Mweusi. Hakuna askari aliyewaamuru wala bango linalosema chochote. Mwanangu aliniuliza mbona wote wameshuka. Nikamweleza habari za ramani, na akanyamaza njia nzima akitazama barabara kuu ya Dan Ryan inayokimbia pande zote mbili za reli.

Ukishaona hivyo kwa macho yako, ndipo uulize maswali ya mpangaji. La kwanza kwa wengi ni usalama, na sitalipuuza, kwa sababu kuna vijana wanaouawa katika mji huu na mama zao ni majirani zetu. Ila hatari haiuenei mtaa mzima kwa kipimo kimoja. Inakaa kwenye kona fulani na vipande fulani vya barabara, na vipande viwili vya mbele watoto wanaendesha baiskeli. Jiji lenyewe linaweka wazi kwenye intaneti taarifa za uhalifu tangu mwaka 2001, hadi ngazi ya kipande cha barabara, bure. Tafuta barabara yako pale badala ya kumuuliza shemeji. Kisha nenda mwenyewe, mchana na tena saa mbili usiku, utembee kwa miguu.

Ukitembea, tazama kama watu wako nje. Jambo hili nalisisitiza kuliko mengine. Julai 1995 joto kali liliua zaidi ya watu 700 Chicago, wengi wao wazee waliokuwa peke yao vyumbani. North Lawndale walikufa wengi. Jirani yake, Little Village, mtaa wa Wamexico ambao nao una watu wengi wa kipato cha chini, walikufa wachache zaidi kwa mbali. Tofauti moja kubwa iliyoonekana ni kwamba Little Village barabara yake ya 26 ilikuwa na maduka yaliyofunguliwa, watu wakipita, na mzee alikuwa na pa kwenda na mtu wa kumgundua asipoonekana. Upande wa pili maduka yalikuwa yamefungwa zamani na wazee walijifungia kwa hofu. Wewe unayekuja na mama yako mzee asiyejua Kiingereza, hilo ni swali la uhai. Kuna duka analoweza kwenda kwa miguu? Kuna kibaraza chenye mtu? Winta ikifika na barafu imefunika ngazi, nani atajua kwamba hajatoka siku mbili?

Kusini pia si kitu kimoja. Chatham ni mtaa wa nyumba za matofali ambako walimu, watu wa posta na watumishi wa serikali Weusi wamekaa kwa vizazi. Hyde Park, kwenye chuo kikuu, ina mchanganyiko wa watu ambao mitaa mingi ya kaskazini haina. Beverly wanakaa Wazungu na Weusi. Na kaskazini nako, Uptown na Rogers Park zimewapokea wakimbizi na wahamiaji wengi, wakiwamo wa kwetu, na ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini pango linapanda na familia zinasukumwa nje kidogo kidogo.

Siwaambii kwamba mtaa hauna maana. Una maana sana, hasa kwa watoto wadogo. Utafiti wa mchumi Raj Chetty na wenzake uliotoka mwaka 2015 ulifuatilia familia za miji mitano, Chicago ikiwamo, zilizopewa vocha za kuhama kutoka maeneo yenye umaskini mkubwa. Watoto waliohama kabla ya kufika miaka 13 walikuja kupata kipato kikubwa zaidi utu uzimani, kwa takriban asilimia 31. Waliohamishwa wakiwa wakubwa zaidi hawakufaidika. Kwa hiyo mwenye watoto wa chekechea namwambia ajibane kidogo ili akae mahali penye watu wa vipato mchanganyiko. Mwenye kijana wa miaka 15 aliyekwisha kupata marafiki na mwalimu anayemjali, namsihi asimng'oe kwa ajili ya jina la kitongoji.

Na vitongoji vina hesabu yake. Illinois shule zinategemea sana kodi ya majengo ya eneo lenyewe, na nje ya jiji anwani yako ndiyo inayoamua mtoto asome wapi. Ndani ya Chicago mtoto anaweza kuomba shule za mbali na kwao, kwa hiyo pango na shule havijafungwa pamoja kiasi hicho. Simama kwenye Austin Boulevard uone maana yake: upande mmoja ni Oak Park, kitongoji cha nje ya jiji, upande mwingine ni mtaa wa Austin ulio ndani ya jiji, na kinachozitenganisha ni upana wa barabara tu. Oak Park ilikaa mchanganyiko kwa sababu watu walikaa chini wakaamua. Mwaka 1968 walipitisha sheria yao ya makazi ya haki, mwaka 1972 kikaanzishwa kituo cha kuwasaidia wapangaji kutawanyika kila kona, na wakazuia hata mabango ya "inauzwa", maana kuna madalali waliokuwa wakiwatia Wazungu hofu kwamba Weusi wanahamia, ili wauze haraka kwa hasara. Ningependa watu wengi zaidi wajue kwamba jambo hili liliwezekana.

Mwenye kutaka kununua akiambiwa "lipa kidogo kidogo, hati utapewa mwishoni", asisaini bila mwanasheria wake mwenyewe. Mikataba ya namna ile bado ipo, na inawatafuta hasa watu wasio na historia ya mikopo, yaani sisi.

Limebaki la kukataliwa, na litakupata. Mimi nilipiga simu kuulizia apatimenti, nikaambiwa kwa lafudhi yangu hii kwamba imeshachukuliwa. Mfanyakazi mwenzangu, mzaliwa wa hapa, akapiga muda mfupi baadaye, akakaribishwa aje aione jioni. Aliponirudishia simu uso ulikuwa umemwiva kwa aibu ambayo haikuwa yake. Ukihisi hivyo, fanya kama tulivyofanya: mwingine apige, na kila mmoja aandike saa, jina alilotajiwa na maneno aliyoambiwa. Usiondoe ujumbe wowote kwenye simu. Tangu Januari 1, 2023, Illinois nzima mwenye nyumba haruhusiwi kukukataa kwa sababu tu unalipa kwa vocha ya Section 8, yaani msaada wa serikali wa kulipia pango, na sheria ya jimbo inamkataza pia kukutisha kwa hali yako ya uhamiaji. Malalamiko yanapelekwa Idara ya Haki za Binadamu ya Illinois au HUD, wizara ya makazi ya Marekani, bila malipo, na kwa idara hiyo ya Illinois unaweza kuomba mkalimani. HUD inakupa mwaka mmoja tangu siku ya tukio. Wengi wetu tunaupoteza mwaka huo tukisema tusijitafutie matatizo, na yule mwenye nyumba anaendelea kupokea simu za ndugu zetu wengine.